Wakili analipwa na mwajiri, sisi tunagawiwa fulana

Mwenye nyumba wangu wa hapa New York aligoma kunirudishia dhamana ya pango nilipohama. Nikapiga simu kwenye mfuko wa huduma za sheria wa chama chetu, mimi mfanya usafi wa jengo la ofisi, nikapangiwa wakili. Akapitia mkataba wa pango kifungu kwa kifungu, akaandika barua ya ukurasa mmoja, hela ikarudi. Sikutoa hata senti. Anayechangia mfuko ule ni mwajiri, kwa sababu imeandikwa kwenye mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri.

Furaha ile iligeuka hasira. Nyumbani Tanzania chama kilinikata asilimia 2 ya mshahara kila mwezi, na nilichokiona kwa macho ni fulana na kofia ya Mei Mosi.

Najua mtakachosema: kaenda juzi tu, leo anatufundisha. Sijaja kumfundisha mtu. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu kabla ya kumwachisha mtu kazi. Huku, asiye na chama anaweza kuambiwa aondoke leo bila kuelezwa kwa nini, na wenye chama, Marekani nzima, ni kama mmoja tu kati ya kumi. Hapo tumewazidi, na wenzangu kazini nawaambia kifua mbele.

Ila nani anaitumia hiyo sheria? Kufungua mgogoro CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ni bure, lakini una siku 30 tangu uachishwe. Mlinzi anazimaliza akimbembeleza bosi amrudishe, kisha anaanza kuhangaika kuomba kuongezewa muda, na mwajiri kaja na wakili. Kiongozi wa tawi hapokei simu.

Mwingine atasema wakili anayelipwa kwa hela ya mwajiri atakuwa mtu wa mwajiri. Hoja nzito hiyo, na Wamarekani waliifikiria. Sheria ya Taft-Hartley ya 1947 ilizuia waajiri kutoa fedha kwa vyama, isipokuwa kwa mambo machache. Huduma za sheria ziliongezwa 1973. Fedha zinakaa kwenye mfuko wa udhamini, wadhamini nusu wa mwajiri, nusu wa wafanyakazi. Na mawakili wa mfuko hawaruhusiwi kumfungulia kesi mwajiri anayechangia, labda iwe ya fidia ya kuumia kazini, wala kukishitaki chama. Ukifukuzwa, chama chenyewe kinabeba malalamiko yako. Wakili wa mfuko ni wa mambo ya nyumbani: pango, madeni, talaka, wosia.

Na hayo ndiyo yanayotumaliza! Muuguzi amefiwa na mume, arobaini haijafika, mashemeji wameshabadilisha kufuli. Mtanitajia kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia, nami naipongeza kwa dhati. Lakini Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewalenga wasio na uwezo. Muuguzi ana hati ya mshahara. Ataonekana anao uwezo, na wakili wa kumlipa hana.

Viongozi wa TUCTA, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na vyama vyenu, mkataba wa hali bora mnaujadili nyinyi. Mkikaa tena na waajiri, ombeni kifungu hiki cha mwajiri kuchangia mfuko wa huduma za sheria, tena muombe na nusu ya viti vya udhamini.