Pweza Aliyekula Chaji

Mashua yetu hupakia wageni wakati wa magharibi pale Bandari ya Kale, Mombasa, ikapita mbele ya Fort Jesus, kisha ikageuka kuingia mkono wa bahari wa Tudor huku watu wakila viazi karai. Nahodha ni Ami yangu, aliyejifunza bahari enzi za taa ya fanusi. Mimi ndiye mtu wa umeme: betri ya volti 12, paneli ya jua ya wati 100 juu ya shetri, yaani sitaha ya nyuma, taa, redio, na pampu ya kutoa maji ngamani, chini kabisa ya chombo.

Betri niliibishania dukani mpaka povu likanitoka. Muuzaji alinishikilia ya gari, nikakataa katakata. Ile ina sahani nyembamba, kazi yake kupiga stata sekunde chache kisha alternata ya injini inairudishia chake. Iwashie taa usiku kucha uone kama itamaliza msimu. Nikachukua ya sahani nene, inayovumilia kunyonywa polepole. Hata hiyo nayo isishuke chini ya nusu: ikijaa na kupumzika husoma kama volti 12.7, ikifika 12.2 ndiyo nusu. Nikawa naiongeza maji ya betri, napaka vaselini vichwani chumvi isivile. (Ami aliwahi kuuliza mbona nisitie ya bahari, yako bure. Maji ya chumvi ndani ya betri hutoa gesi ya klorini, Ami.)

Basi kaskazi ile, jua la kupasua mawe, betri kila jioni iko hoi. Nikabadilisha nyaya. Nikabadilisha kontrola ya chaji. Ami ananitazama tu, anatafuna tambuu.

"Mwanangu, umeme huo umetiwa jicho. Tafuta mtu aisomee."

Jioni moja tukapata wageni wa harusi, mashangazi watupu, udi unanukia mpaka ng'ambo. Tulipofika katikati, redio ikazima. Ikawaka, ikatangaza kwa Kiingereza kwamba iko tayari, ikazima tena. Ikatangaza hivyo mpaka mashangazi wakaanza kuijibu. Halafu taa zikaenda. Halafu pampu, na chombo cha mbao hakikosi kunywa maji.

"Haya jamani, tufueni maji," Ami akasema, akatoa upo, kile chombo cha kuchotea maji.

Upo ulikuwa mmoja. Shangazi mmoja, hina yake haijakauka sawasawa, akanyakua sufuria ya biriani akaanza kufua maji, huku akimlaani aliyekataa ukumbi.

Mimi nikawasha tochi ya simu, nikapanda shetri. Paneli siioni. Pweza wawili wamelala juu yake wametandaza mikono yote, na pembeni vipande vya papa wa chumvi vimepangwa safu. Kioo kilichobaki kimeganda mafuta.

"Ami! Nini hii?"

"Ng'onda. Leo nimesahau kuanua."

"Leo?"

"Siku zote naanua alasiri, kabla hujatoka kazini."

Nikamweleza, tena kwa sauti, kwamba seli za paneli zimeungwa mnyororo. Moja ikifunikwa, wenzake wanakwama foleni nyuma yake. Kivuli cha foromali, ule mti wa tanga, peke yake kinaangusha chaji, seuze pweza mzima! Shangazi wa sufuria, maji yamemfika vifundoni, akasimama kunisikiliza kwa makini.

"Na hao pweza," akauliza, "wamekauka vizuri?"

"Dada yangu, kioo kile kinachoma juu na chini," Ami akajibu kwa fahari. "Hata inzi hatui."

Tulipofunga kamba Bandari ya Kale, papa wote walikuwa wameshauzwa, na pweza wameondoka na mama wa bibi harusi. Ami akanitia noti zote mkononi, nikanunue paneli ya pili.

"Chukua ndefu kidogo," akasema. "Papa wa msimu huu wakubwa."