Omba hesabu yenyewe, usiombe maelezo

Bili ya kodi ya majengo ya nyumba ya mama ilikuja na mistari minne tu: jina lake, namba ya kiwanja, kiasi anachodaiwa na tarehe ya mwisho ya kulipa. Kiasi kilikuwa kimepanda kwa zaidi ya theluthi moja ya kile cha mwaka uliotangulia. Nyumba ni ile ile. Hakuongeza chumba, hakubadilisha paa, hata rangi haijaguswa tangu baba afariki. Mama si mtu wa kukwepa kodi; risiti zake zote kazifunga kwa kamba ndani ya bahasha, mwaka baada ya mwaka. Alichouliza ni kitu kimoja: "Mwanangu, hii wameipataje?"

Nilikwenda dirishani kuuliza kwa niaba yake. Kijana aliyekuwa zamu alikuwa na adabu. Akabonyeza kompyuta, akasoma, akaniambia, "Mfumo ndio umekadiria." Nikamuuliza mfumo umetumia nini kukadiria. Akasema hilo halionekani kwenye skrini yake. Nilimwamini, na hapo ndipo wasiwasi uliponiingia, kwa sababu ina maana anayepokea fedha hajui zimepatikanaje, na anayezitoa hajui pia.

Nikaandika barua. Kosa nililofanya katika barua hiyo nalieleza ili mwingine asilirudie. Niliandika: "Naomba kuelezwa jinsi kodi ya majengo inavyokokotolewa." Nilijibiwa, tena mapema. Jibu lilikuwa kurasa mbili za vifungu vya sheria, vikisema kodi hutozwa kulingana na thamani ya jengo kwa kiwango kitakachopitishwa na baraza. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata neno moja lililomjibu mama. Ukiomba maelezo, utapewa maelezo. Sheria za haki ya kupata taarifa zinahusu hasa kumbukumbu: karatasi, faili, jedwali, ramani, kitu ambacho ofisi tayari inacho kabatini au kwenye kompyuta. Basi kiombe kitu hicho kwa jina lake.

Ili ujue cha kuomba, lazima ujue hesabu ina sehemu gani. Yenyewe haina ugumu. Kuna thamani ya mali, kuna kiwango kinachozidishwa na thamani hiyo, na kuna msamaha au punguzo kwa wanaostahili. Kazi yote iko kwenye namba ile ya kwanza. Thamani inaweza kutokana na bei za nyumba zilizouzwa jirani. Inaweza kutokana na gharama ya kujenga jengo kama hilo leo, ukiondoa uchakavu. Inaweza kutokana na pango ambalo nyumba ingeingiza kwa mwaka, kama ilivyo Uganda. Kenya kwa miaka mingi imezoeleka kutoza ardhi peke yake, bila kuhesabu jengo lililosimama juu yake. Ipitishe nyumba moja kwenye njia hizi zote uone. Kila njia itakupa kodi yake.

Halafu kuna umri wa thamani hiyo, jambo ambalo watu wengi hawalifikirii kabisa. Nairobi ilitoza kwa kutumia daftari la uthamini la 1980 kwa takriban miaka 40. England mpaka leo inaziweka nyumba kwenye madaraja ya kodi kwa kukisia zingeuzwa bei gani tarehe 1 Aprili 1991, hata kama nyumba imejengwa mwaka jana. Ujerumani ilikuwa ikitumia thamani za 1964 upande wa magharibi na za 1935 upande wa mashariki, hadi mahakama yake ya katiba ilipoamua Aprili 2018 kwamba utaratibu huo unavunja usawa. Utaratibu mpya ukaanza kutumika 2025. Tanzania imechagua njia nyingine: tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kwa kiwango kilichopangwa, bila kutegemea thamani ya nyumba. Mtu anajua anakatwa nini, ingawa nyumba mbili zenye thamani tofauti kabisa zinaweza kukatwa sawasawa.

Kuna jambo jingine ambalo maofisa huliacha lipite, na mimi sikubali lipite. Thamani kupanda haimaanishi kodi lazima ipande. Thamani za mji mzima zikiongezeka mara mbili, na baraza likashusha kiwango kutoka asilimia 1 hadi asilimia 0.5, kila mtu analipa kilekile. Kwa hiyo anayekuambia "kodi imepanda kwa sababu uthamini ni mpya" amekupa nusu ya jibu. Nusu ya pili ni kikao kilichokaa kikaamua kiwango, na kikao kina tarehe, kina muhtasari, kina waliohudhuria. Huo nao ni waraka wa umma.

Barua yangu ya pili haikuuliza swali hata moja. Ilitaja vitu. Fomu ya uthamini ya kiwanja chetu, pamoja na tarehe ya ukaguzi na njia iliyotumika. Jedwali la thamani kwa kila mita ya mraba, na vizidisho vya kila eneo, yaani namba zinazozidishwa na thamani kulingana na mahali nyumba ilipo. Muhtasari wa kikao kilichopitisha kiwango cha mwaka huo. Na orodha ya thamani za nyumba za mtaa wetu, bila majina ya wenye nyumba. Hilo la mwisho nililiongeza makusudi, maana najua kisingizio cha kwanza huwa ni faragha za watu. Sitaki kujua nani anaishi wapi. Nataka kujua kama nyumba mbili zinazofanana zimehesabiwa kwa namna moja.

Haki ya kuomba hivyo haikuanza jana. Sweden iliiweka kwenye sheria mwaka 1766. Kwetu Afrika Mashariki imechelewa, lakini ipo. Kenya ina ibara ya 35 ya katiba ya 2010 na sheria ya 2016, ambayo inaipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu. Sheria hiyo inasema ombi linaweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na asiyeweza kuandika anasaidiwa na ofisa mwenyewe kuliweka kwenye maandishi. Huna haja ya kueleza kwa nini unataka taarifa. Tanzania nayo ilipitisha sheria yake 2016, na muda wa kujibu ni siku 30. Afrika Kusini ilikuwa na sheria ya taarifa tangu 2000, kisha mwaka 2004 ikatunga sheria ya kodi ya mali za manispaa inayotaka daftari la uthamini liwekwe wazi wananchi walikague na kuweka pingamizi. Napenda mpangilio huo wa mwisho kuliko yote, kwa sababu daftari linamfuata mwananchi kabla hajaanza kuandika barua.

Najua upande wa pili unasemaje, na baadhi ya hoja zao zina uzito. Wathamini ni wachache na majengo ni mengi. Hakuna halmashauri inayoweza kumtuma mtu akapime kila sebule. Ndiyo maana siku hizi hutumika programu ya kompyuta inayokadiria maelfu ya nyumba kwa mpigo, na mara nyingine kazi yote hupewa kampuni binafsi. Sawa. Lakini hapo hapo ndipo tunapoambiwa kwamba kanuni ya hesabu ni siri ya kibiashara ya mkandarasi. Hapa sina subira hata kidogo. Kanuni inayotumika kumtoza raia, ambayo akishindwa kuitimiza anaweza kushtakiwa na hata nyumba yake kuuzwa, haiwezi kuwa mali ya siri ya mtu aliyelipwa kwa fedha za raia huyo huyo.

Na inawezekana kuiweka wazi. Angalia Kaunti ya Cook huko Marekani, ulipo mji wa Chicago. Mwaka 2017 gazeti la Chicago Tribune lilionesha kwa takwimu kwamba nyumba za bei ya chini zilikuwa zikithaminiwa juu mno, huku za bei kubwa zikithaminiwa chini ya bei yake halisi. Maskini walikuwa wakiwabebea matajiri mzigo, na hakuna aliyeweza kuuona kwa kuangalia bili yake peke yake. Mwaka uliofuata mthamini mkuu alishindwa katika uchaguzi wa mchujo wa chama chake. Ofisi hiyo sasa huweka kwenye intaneti programu nzima inayokokotoa thamani za nyumba, msimbo wake wote, ajuaye kusoma asome. Kodi inaendelea kukusanywa kama kawaida.

Jibu la barua yangu ya pili lilikuja baada ya muda wa kisheria kupita na baada ya kukumbusha kwa maandishi. Lilikuwa nakala moja ya fotokopi, imekaa upande, sehemu ya juu imekatika. Nilimpelekea mama, akavaa miwani, tukaisoma pamoja mezani. Kwenye "aina ya ukaguzi" kuna visanduku viwili, ndani na nje. Kilichowekwa alama ni cha nje. Hakuna mtu aliyeingia. Kwenye idadi ya vyumba imeandikwa saba, nasi tuna vitano. Chini yake, mstari wa jengo dogo la nyuma umejazwa "makazi". Mama akaweka kidole juu ya neno hilo, akaniangalia. "Hapa si ndipo tunapoweka majembe?"

Jengo hilo halina dirisha wala umeme. Mtu aliyesimama barabarani akaona paa la bati nyuma ya nyumba hakuwa na namna ya kujua, na simlaumu sana. Ninacholaumu ni kwamba kosa hilo lingebaki kwenye faili miaka yote, kila mwaka likizidishwa na kiwango kipya, kwa sababu bili haikutuonesha chochote cha kusahihisha. Kama mistari ile ingekuwa saba badala ya minne, yaani ikaongezwa ukubwa wa jengo, matumizi yaliyorekodiwa na kiwango kilichotumika, mama angeligundua siku ileile bila msaada wangu. Karatasi ni ileile, wino ni uleule.

Jambo moja la haraka kwa aliye na bili mkononi sasa hivi: muda wa kuweka pingamizi dhidi ya uthamini kwa kawaida ni mfupi, na haukusubiri ujibiwe ombi lako la taarifa. Peleka pingamizi kwanza hata kama huna karatasi zote, sema ndani yake kwamba umeziomba na lini, na uhakikishe nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri ule, utaambiwa barua haikufika.

Pingamizi letu limepokelewa, na ofisa ameahidi kuja kupima kwa ndani. Lakini kwenye ile fomu kuna namba nyingine ambayo bado hainitoki kichwani. Kizidisho cha eneo letu ni 1.4. Nyumba za ng'ambo ya barabara, zile ninazoziona nikifungua dirisha la mama, kizidisho chake ni 1.0. Maji tunachota bomba moja, barabara ni moja, taka huzolewa siku moja. Mahali fulani kuna mtu alichora mstari katikati ya barabara yetu. Wiki hii nimeandika barua ya tatu, na ndani yake nimeomba kitu kimoja tu, ramani ya mstari huo na kumbukumbu za siku ulipochorwa.