Saruji ya Mgongo na Safari ya Dar

Msimu wa korosho ukifika Newala na Tandahimba, akina bibi huinama shambani tangu asubuhi wakiokota, na jioni bado kuna ndoo ya maji ya kubeba. Siku moja bibi ananyanyua ndoo, mgongo unamkata ghafla, anakaa chini hapo hapo. Picha inaonyesha pingili ya uti wa mgongo imevunjika kwa kubonyea. Kabla wiki haijaisha watoto walioko Dar wameshaanza kuchangishana: bibi aletwe, achomwe sindano ya saruji ya kitabibu kwenye pingili hiyo. Anayesema "abaki kwanza" anaonekana bahili au hana huruma. Huyo ndiye ninayetaka asikilizwe.

Wanaotetea saruji wana hoja, tena nzito. Mzee akilala wiki nyingi misuli inaisha, nimonia inamwingia, damu inaganda miguuni. Saruji ya kitabibu ikimiminwa ndani ya pingili huganda na kuishika. Utafiti wa Australia uliotoka 2016, wa wagonjwa 120 wenye maumivu makali na ambao mfupa wao ulikuwa haujatimiza wiki sita tangu uvunjike, ulikuta waliotiwa saruji walipata nafuu zaidi. Kwa bibi ambaye dawa zimeshindwa na hawezi hata kugeuka kitandani, siwezi kuipinga.

Ila mwaka 2009 zilitoka tafiti mbili zilizofanya jambo ambalo wengi hawajalisikia. Wagonjwa wa kundi moja walitiwa saruji, wa kundi la pili wakachomwa ganzi tu, huku saruji ikikorogwa chumbani ili nao wasikie harufu yake. Hawakujua nani kapata nini. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na tofauti ya maana baina yao haikuonekana. Utafiti wa Uholanzi wa 2018 ukaishia hapo hapo. Mfupa wenyewe huunga, na kwa wengi maumivu hupungua ndani ya wiki sita hadi kumi na mbili. Sasa mpandishe mgonjwa huyo basi, zaidi ya kilomita 500 za kukaa na kurushwa na matuta. Mimi naiogopa safari hiyo kuliko ninavyoogopa kumkosesha sindano.

Kubaki si kumwacha alale. Apewe dawa ya maumivu kwa vipimo vya daktari (diklofenaki za dukani kila siku huumiza figo na tumbo la mzee), apumzike siku chache tu, kisha ashikwe mkono atembee hadi barazani, kesho hadi kwa jirani. Lakini miguu ikifa ganzi au kulegea, au mkojo ukimshinda, hapo hakuna mjadala, akimbizwe hospitali kubwa. Na kifua kikuu cha mgongo kipimwe, maana nacho hubonyeza pingili, na saratani pia.

Kinachonikosesha usingizi ni hesabu nyingine. Kati ya wanawake watano waliovunjika pingili, karibu mmoja huvunjika nyingine ndani ya mwaka. Saruji haigusi hilo, kwa sababu inaziba pingili moja na mifupa iliyobaki inaendelea kuwa myepesi kuvunjika vilevile. Familia inachanga, bibi anatibiwa, anarudi Newala, anapokewa kwa vigelegele, na msimu ujao anainama tena chini ya mkorosho akiwa hana hata kidonge kimoja cha mifupa. Vidonge vya alendroneti, kimoja kwa wiki, hupunguza hatari hiyo karibu nusu. Vina masharti: anywe asubuhi kabla ya kula, kwa glasi nzima ya maji, kisha akae wima nusu saa, asilale, la sivyo vinaunguza koo. Bibi aliyezoea kumeza dawa kwa uji anahitaji mjukuu wa kukaa naye hiyo nusu saa. Mchango wa familia ungeanzia hapo, na kwa kijana wa kumtekea maji.