Jiwe Lililovaa Kofia

Kwa kuwa mwenzangu wa kazini ameshasambaza habari hii kwenye kundi la wapima, tena akiitia chumvi kwamba nilikuwa nimevua shati, naomba niieleze mwenyewe kabla haijawafikia wakwe zangu.

Juzi tulikwenda kupima tangi la maji la chuma juu ya kilima kimoja nje ya Dodoma, ili ijulikane kama limebonyea au limeinama. Skana ya leza husimama juu ya miguu mitatu, huzunguka nyuzi 360 ikirusha mwanga unaogonga kitu na kurudi, na kwa muda wa safari hiyo hupata umbali wa kila nukta; mamilioni ya nukta hizo ndiyo huunda umbo la tangi kwa usahihi wa milimita. Haioni kilicho nyuma ya kitu, ndiyo maana huhamishwa kituo hadi kituo. Kanuni hiyo naijua vizuri, na haja iliponibana niliitumia: nilizunguka mbuyu (kwa maana halisi, acheni mawazo yenu), nikachuchumaa upande ambao mashine isingeniona. Kwa ule upepo wa Dodoma, sikumsikia mwenzangu akiihamishia kituo cha saba, mgongoni kwangu.

Jana, mbele ya mteja, mkuu wetu aliligeuza wingu la nukta, yaani lile umbo lililotoka kwenye skana, taratibu kwenye picha ya ukutani. Tangi likapita, ngazi ikapita, mbuyu ukaja na mikunjo yake yote. Akasita hapo. "Hili jiwe mbona sikuliona siku ile," akasema, akalivuta karibu. Akalivuta tena. Mhandisi wa mteja, mama mtu mzima na mpole, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa, kisha akauliza: "Samahani, mkuu, jiwe limevaa kofia?"

Laiti ningetikisika! Kitu kinachotembea hutoka kama moshi uliokatikakatika. Mimi nilikuwa nimetulia kama niko msibani, hata mkanda nilioutundika shingoni ulionekana pamoja na bizimu yake.

Nukta zangu zimefutwa, ripoti imekabidhiwa, tangi ni zima. Ila faili la awali analo mwenzangu, naye ameapa hatalifuta mpaka nizunguke mbuyu tena, safari hii kwa maana ile mliyoifikiria ninyi: kilo mbili za mbuzi choma.