Kompyuta kwenye mafuta: kwa Nyanda za Juu Kusini hoja ni vumbi, si joto

Wanaotetea kuzamisha kompyuta kwenye mafuta yasiyopitisha umeme hutanguliza hoja ya joto: mafuta hubeba joto zaidi kuliko hewa, kwa hiyo mashine hupoa vizuri, haina kelele za feni wala haihitaji kiyoyozi. Kwa Dar es Salaam au Kyela hoja hiyo ina mashiko. Kwa Mbeya mjini, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako Juni na Julai watu huamkia makoti, inabidi itafutiwe mashiko mengine. Yapo, ila si yale yanayotajwa kwanza.

Fizikia yenyewe haina ubishi. Lita moja ya mafuta ya madini ikipanda nyuzi moja hubeba joto zaidi ya mara elfu moja ya lita moja ya hewa, na hupitisha joto kama mara tano ya hewa. Transfoma za umeme hupozwa hivyo tangu zamani. Kwenye kompyuta, Cray-2 ya mwaka 1985 ilizamishwa ndani ya Fluorinert, kimiminika cha kampuni ya 3M. Desemba 2022 3M ilitangaza kuachana na kemikali za kundi la PFAS, ambamo Fluorinert imo, ifikapo mwisho wa 2025, na hata kabla ya hapo bei ya vimiminika hivyo haikuwa ya mtu wa kawaida. Mjadala wetu basi ni wa mafuta ya madini tu.

Kinachosahaulika ni kwamba mafuta hayamalizi joto, yanalihamisha. Wati 600 zikiingia kwenye tangi, wati 600 lazima zitoke, na zinatokea kwenye rejeta inayopozwa na hewa ile ile ya chumbani. Hewa ya Mbeya, joto likiwa sawa, ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kama asilimia 18, hivyo feni hubeba joto pungufu kwa kila mzunguko. Watetezi wa mafuta hulitaja hilo kama kasoro ya feni, kana kwamba rejeta yao inavuta hewa ya Tanga. Na hata kwa feni, hesabu haitishi. Prosesa inayopanda nyuzi 40 juu ya joto la chumba kule pwani huenda ikapanda 45 huku kwetu. Chumba cha Dar kikiwa nyuzi 32, prosesa inafika 72. Chumba cha Mbeya kikiwa 22, inafika 67. Baridi imelipa wepesi wa hewa na chenji imebaki.

Kwa hiyo mwenye steshenari Uyole au ofisi Iringa mjini, yenye kompyuta tatu nne za wati 100, hana biashara na mafuta.

Vumbi ni jambo jingine. Kuanzia Juni hadi Oktoba mvua hakuna, na kuna sehemu ambazo vumbi ni la kazi, si la barabara tu: viwanda vya mbao vya Mafinga, mashine za kukoboa mpunga za Ubaruku, krasha za mawe ya dhahabu Chunya. Vumbi la mbao hujaza mapezi ya hitisinki, kile chuma cha kupozea prosesa, mpaka yanakuwa kama blanketi. La pumba za mpunga lina silika, linakwaruza beringi za feni. La mawe likikaa juu ya mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, halileti shida kiangazi. Mvua za Novemba zikianza linavuta unyevu, na umeme unaanza kuvuja kati ya miguu ya chipu. Fundi anabadilisha pawa saplai, anabadilisha RAM, na tatizo linarudi. Hapo ndipo tangi la mafuta lenye mfuniko linapojibu swali ambalo feni hailijibu: vumbi halifiki kwenye vifaa kabisa. Litaziba rejeta, lakini rejeta unaipuliza na kompresa au unaiosha kwa maji bila kugusa kompyuta.

Ukishafika hapo, swali la kwanza ni mafuta gani, na hapo ndipo wengi huharibu mapema. Yanayofaa ni mafuta meupe ya madini yaliyosafishwa, au mafuta mapya ya transfoma, yenye mnato mdogo, wa daraja la 10 hadi 15 kwa kipimo cha ISO VG, kinachopimwa kwenye nyuzi 40. Mafuta ya alizeti yamejaa sokoni na ni rahisi kuyapata, ila yakikaa na hewa, joto na shaba huchacha, huwa na asidi, kisha huganda kama gundi kwenye mapezi. Ni kweli zipo transfoma zinazotumia mafuta ya mimea, lakini zimefungwa hewa isiingie na mafuta yametiwa dawa ya kuzuia kuchacha. Oili ya injini ina viungo vya kusafishia vinavyokamata maji na uchafu, ni nzito, na hutaona kitu ndani yake. Parafini ya famasi ile nzito hufanya kazi kwa shida kwa sababu ya mnato. Mafuta ya taa, ambayo wauzaji wengine nayo huyaita parafini, hayaguswi: mvuke wake unaweza kushika moto kuanzia nyuzi 40 hivi, joto ambalo tangi litalifikia kila siku. Mafuta meupe mazuri huanzia nyuzi 150 kwenda juu. Kuhusu mafuta ya transfoma, nunua yenye lakiri na karatasi za kiwandani. Yale ya kwenye madumu, bila asili inayoeleweka, yanaweza kuwa ya wizi, na yakitoka kwenye transfoma kuukuu yanaweza kuwa na PCB, sumu isiyotoka mwilini kirahisi.

Tangi. Chuma cha milimita 2, kilichochomelewa na kupakwa rangi ya epoksi, ni bora kuliko kioo cha kufugia samaki, ambacho hupendeza kwenye picha lakini huvunjika. Tuchukue tangi la sentimita 40 kwa 30, kimo 35. Ujazo ni lita 42. Ukiacha sentimita 5 juu, mafuta ni kama lita 36, uzito wa kilo 31 hivi bila chuma wala vifaa, kwa hiyo rafu ya mbao ya dukani haifai. Nafasi ya juu si mapambo: mafuta yakitoka nyuzi 10 za alfajiri hadi 50 za mchana yanatanuka kwa kama lita moja, na usawa unapanda karibu sentimita moja. Mazabodi isikae chini kabisa. Ininue sentimita 3 na uweke koki sakafuni mwa tangi, kwa sababu maji yakiingia, kwa jasho la mfuniko au kwa uzembe, hushuka chini ya mafuta. Koki ifunguliwe kila mwezi na kinachotoka kiangaliwe kwenye glasi. Chini ya tangi lote weka trei inayoweza kupokea lita 40.

Tangi kama hilo, bila pampu wala rejeta, hutoa kwenye kuta zake wati 130 hivi mafuta yakiwa nyuzi 25 juu ya joto la chumba. Kompyuta ya ofisi ingeishi humo bila kifaa kingine chochote. Ya wati 600, yenye kadi kubwa ya grafiki, inahitaji mzunguko. Ukitaka mafuta yatofautiane nyuzi 5 tu kati ya kuingia na kutoka, unahitaji lita 4.5 kwa dakika zinazopita kweli. Namba iliyoandikwa kwenye pampu ni ya maji, kwa hiyo chukua ya lita 12 au zaidi. Pampu ya volti 12 ya kuhamishia dizeli inavutia kwa nguvu zake, ila imetengenezwa kwa kazi ya muda mfupi na itaungua ikizungushwa usiku na mchana. Tafuta isiyo na brashi, ambayo mtengenezaji ameandika kwamba inakubali mafuta na kazi mfululizo. Ivute kutoka juu, sentimita chache chini ya usawa ili isimeze hewa, na irudishe chini, mdomo wa bomba ukielekea kwenye mapezi ya kadi. Bila kuelekezwa hivyo, mafuta mazito huzunguka pembeni na kuyaacha mapezi yaliyobanana yakiwa na mafuta yaliyosimama.

Rejeta ya gari dogo ya mtumba inatosha na kubaki, mradi imepimwa kwa upepo kwanza na kusafishwa kutu na kulanti (maji ya kupozea injini) yote. Mtego uko kwenye mpira. Duka lile lile la spea litakuuzia mpira wa rejeta, na huo kwa kawaida ni wa EPDM, unaovumilia maji ya moto lakini hunyonya mafuta, ukavimba na kuteleza kwenye klemu. Omba mpira wa mafuta, wa naitraili. Rejeta nayo ikae juu kuliko usawa wa tangi, na bomba la kurudisha litobolewe kitundu kidogo juu kidogo ya usawa wa mafuta. La sivyo mpira ukipasuka chini, tangi zima litajimwaga lenyewe.

Vinavyozama na visivyozama navyo vina sheria zake. SSD, hifadhi isiyo na diski inayozunguka, inazama. Hadi diski (hard disk) ya kawaida ina tundu la kupumulia, mafuta huingia na kuiua, ibaki nje. Feni zing'olewe, na BIOS, programu inayoiwasha mashine, iambiwe isizidai, vinginevyo mashine inaweza kukataa kuwaka. Pesti ya prosesa, ile ya kupitisha joto kwenda kwenye hitisinki, huoshwa polepole na mafuta, hivyo weka foili ya indiamu au karatasi ya grafiti badala yake. Nyaya za PVC hukakamaa baada ya miezi kwa sababu mafuta hunyonya kilainishi chake, ukizikunja hukatika. Na kuna tatizo linaloshangaza kila anayelikuta mara ya kwanza: mafuta hupanda ndani ya waya wenyewe, kati ya nyuzi za shaba, yakatokea upande wa pili kwenye kiboodi au skrini mita moja na nusu kutoka kwenye tangi. Suluhisho ni kuvunja njia hiyo. Weka soketi juu ya usawa wa mafuta, au menya waya sehemu fupi na kuijaza epoksi mpaka kati ya nyuzi.

Pawa saplai inagawa mafundi. Kuizamisha kunaikinga na vumbi, lakini kunaleta volti 230 kwenye tangi la chuma. Tunaona bora izame, kwa sharti kwamba tangi limefungwa athi iliyopimwa na kuna sakiti breka ya kukata umeme unaovuja. Asiye na athi ya kuaminika aiache nje kwenye boksi lenye chujio. Radi za Nyanda za Juu, kwa njia, haziulizi kama kuna mafuta. Kinga ya umeme ni ile ile ya siku zote.

Baridi ya Mbeya ina kero yake. Mafuta ya daraja la 15 yakiwa nyuzi 10 huwa na mnato wa mara tatu hadi nne ya ule wa nyuzi 40. Pampu huvuta umeme mwingi, mtiririko ni wa kusuasua, na ukiipa kadi kazi nzito saa moja asubuhi itajipunguza kasi huku kipimajoto cha tangi kikionyesha ubaridi. Iwashe, iache ikijipasha kwa kazi nyepesi kwanza.

Kipimo nacho hudanganya. Lita 36 huhitaji kilojuli 59 kupanda nyuzi moja. Kwa mzigo wa wati 300, hata bila kupoteza joto lolote, mafuta hupanda nyuzi 18 kwa saa. Anayejaribu mfumo kwa dakika 20 na kutangaza kwamba umefaulu hajapima kitu. Jaribio lichukue saa sita au zaidi, mpaka joto likome kupanda. Uzito huo huo una faida: pampu ikifa, una saa nzima ya kuligundua, si sekunde kadhaa kama feni ya prosesa inapokwama.

Upande wa pili wa mizani kuna ukarabati. Kubadilisha RAM moja kunahitaji kuinua mazabodi, kuining'iniza juu ya tangi usiku kucha, na bado fundi ataishika ikiteleza. Mafundi wengi wa mjini wataikataa, na hawana kosa. Warranti imekwisha, stika zenye namba zimebanduka, na kuuza kadi iliyozama ni kuuza kwa hasara. Mafuta yakichoka hayamwagwi mtaroni. Ni taka hatarishi, na wakusanyaji wake wanapaswa kuwa na kibali chini ya taratibu za NEMC, baraza la taifa la mazingira.

Mafuta pia yana mshindani ambaye hapewi nafasi: kompyuta isiyo na feni, yenye boksi la alumini lililofungwa kabisa na mapezi nje. Mpaka wati 65 hivi, kwa ofisi ya kiwanda cha mbao, hiyo inashinda bila jasho. Kati ya hapo na wati 300, kabati lenye feni inayosukuma hewa ndani kupitia sponji linatosha, kama kuna mtu atakayeosha sponji kila wiki bila kukumbushwa; shinikizo la ndani likizidi la nje, vumbi halipenyi kwenye mianya. Juu ya wati 300, vumbi likiwa la kazi na mashine ikifanya kazi mfululizo, tangi linaanza kujilipa.

Kabla ya kumpigia mchomeleaji, safisha mashine uliyonayo, ipe kazi nzito kwa saa mbili mchana wa Oktoba, andika joto la prosesa na kadi. Rudia wiki nne baadaye bila kusafisha. Namba zikiwa karibu sawa, huna shida ya mafuta. Zikiwa zimepanda nyuzi 15 au 20, pima kwanza sponji, kisha tangi.