Usizioshe Changarawe za Jirani

Ukitaka kuanza tangi la samaki hapa Lamu, kabla hujanunua chochote piga hodi kwa mtu ambaye tangi lake limetimiza mwaka, umwombe viganja viwili vya changarawe chafu. Nasema chafu kwa makusudi: zile zenye utelezi wa kahawia, ukizinusa zanukia udongo ulionyeshewa mvua.

Mimi aliyeniuzia tangi aliniambia nioshe kila kitu hadi king'ae. Nikaosha. Siku ya pili nikatia samaki sita wa dhahabu, maji maangavu kama kioo. Siku ya tano wote wamepanda juu, wanapapia hewa, matamvua mekundu. Ijumaa alibaki mmoja. Iliniuma, na bado inaniuma, kwa sababu nilidhani usafi ndio huruma.

Kilichowaua ni amonia. Samaki huitoa kwenye matamvua, na chakula kinachooza huiongeza. Tangi lililokomaa lina bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia hadi ubadilishe maji. Sasa, bakteria hawa makao yao hasa si majini. Wamejishika kwenye changarawe, kwenye kioo, kwenye sponji ya kichujio. Anayeomba ndoo ya maji ya tangi la zamani amebeba kidogo sana. Changarawe ndizo zenye mali. Ukingoja wazaliane wenyewe, mara nyingi ni wiki 4 hadi 6. Ukiwahamisha, muda hupungua sana. Wakubwa wetu waliombana kaa la moto asubuhi, jiko la huyu likawasha la yule. Ni jambo lile lile.

Na kufuga samaki nyumbani si ugeni kwetu. Birika za nyumba za mawe, yaani matangi ya kuwekea maji, zilitiwa visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu, na naamini utelezi wa kuta zake ulifanya kazi hii hii.

Zibebe changarawe zikiwa zimezama katika maji yao wenyewe, siku hiyo hiyo. Usizisuuze kwa maji ya bomba: klorini huwaua bakteria. Mimi huzitia ndani ya soksi nyembamba, nikafunga fundo, nikaining'iniza pale maji ya kichujio yanapopita. Kisha samaki wawili tu, na chakula cha kubana kwa vidole, maana kianzio ni kianzio, hakiwezi kubeba tangi zima.

Lakini watazame kwanza samaki wa mwenye tangi. Ukiona vidoa vyeupe kama chembe za chumvi kwenye mapezi, shukuru uondoke, ugonjwa utakuja na changarawe. Wala usikimbilie ufukweni kuchota vipande vya matumbawe. Ni chokaa, hukoleza ugumu wa maji, na bakteria wa bahari si wa maji matamu. Matumbawe yabaki baharini.

Mtoto wa jirani ananunua tangi lake la kwanza wiki hii. Nimemwambia aje Alhamisi baada ya Alasiri na ndoo yenye mfuniko. Soksi ninayo.