Tuonyesheni korongo, jamani

Kuna kero inanichosha: mtu anarudi kutoka Marekani, amefika Grand Canyon, lile korongo kubwa la miamba kule jimbo la Arizona, tunamzunguka barazani hapa Mikindani tuone picha, na kila picha ni uso wake. Uso na miwani, uso na kofia, uso na shemeji. Korongo lenyewe ni kipande chekundu nyuma ya sikio.

Jamani! Lile korongo lina urefu wa kilomita 446, karibu sawa na safari ya basi kutoka Lindi hadi Dar es Salaam. Kina chake, pale panapozidi, kinapita mita 1,800. Mto Colorado ndio uliolichimba, ukakata mpaka kwenye miamba yenye umri wa miaka bilioni 1.7 hivi. Tabaka juu ya tabaka, kila moja na rangi yake, nasi hatukuona hata moja sawasawa.

Wengi wetu pale barazani hatutapata viza wala nauli ya kufika Arizona. Macho ya aliyekwenda ndiyo macho yetu. Bibi aliuliza swali zuri kabisa: huko chini mto unaonekana? Msafiri akapekua simu weee, hana hata picha moja ya mto. (Na ile simu ina kamera nzuri, ndiyo maana inaniuma zaidi.)

Piga ya uso moja, mbili, mama afurahi. Kisha geuza kamera utupigie na korongo, toka ukingoni mpaka chini kabisa. Bibi bado anasubiri jibu lake.